Kwangu Inakubali

Kompyuta ilikataa mara ya kwanza kwa sababu haikumpata Mkongwe.

Mgeni aliusoma ule ujumbe mwekundu, akausoma tena. Mgeni ndilo jina walilompa pale ofisini tangu aanze kazi Jumatatu, na kazi yenyewe ilionekana nyepesi. Achukue kodi, yaani maandishi ya programu inayoendesha matanuri ya mikate, aendeshe skripti ya kujengea, basi. Skripti ni mlolongo wa amri. Kompyuta huzifuata moja baada ya nyingine mpaka kodi igeuke programu inayofanya kazi. Akishajenga, bosi alimwambia, arekebishe saa ya tanuri, maana kuna mteja ambaye mikate yake ilikuwa inaungua kila alfajiri na simu zake zilikuwa haziishi. Akishindwa hadi Ijumaa si neno, wataagana kwa amani.

Amani hiyo Mgeni hakuitaka. Nafasi ile aliombewa na shangazi yake, aliyesoma darasa moja na bosi, na shangazi hakuwa mtu wa kuaibishwa.

Akamwendea Kaka Mkubwa, mwandishi wa programu aliyekaa pale muda mrefu kuliko wote, kumuuliza Mkongwe ni nani. Akaambiwa ndiye aliyeandika ile skripti. Aliacha kazi zamani, siku hizi anafuga kuku na simu hapokei. Kumbe skripti ilikuwa inatafuta vifaa vyake kwenye folda ya Mkongwe, ndani ya kompyuta ya Mkongwe, popote ilipo.

"Ajabu," alisema Kaka Mkubwa bila kugeuza shingo. "Kwangu inakubali."

Mgeni akaomba aone inavyokubali. Kaka Mkubwa akakumbuka ana kikao, akafunga kompyuta yake, akaondoka nayo.

Basi akamng'oa Mkongwe kwenye skripti, mstari kwa mstari. Ikakataa tena. Safari hii kilichoiponza kilikuwa jina la folda yake mwenyewe, aliyoiita Kazi Mpya. Skripti ilipofika kwenye ile nafasi kati ya maneno mawili ilikata jina, ikaenda kumtafuta Kazi peke yake. Alipoliweka sawa hilo, ikadai faili liitwalo Tanuri kwa herufi kubwa, na lililokuwepo lilikuwa tanuri kwa herufi ndogo. Kwenye mashine ya Mkongwe hayo yalikuwa jina moja. Kwenye mashine ya Mgeni walikuwa watu wawili wasiosalimiana.

Dada wa Majaribio, ambaye kazi yake ni kuzijaribu programu kabla hazijaenda kwa wateja, alipita na kikombe cha chai. Mgeni akamuuliza kama naye aliwahi kusumbuliwa na herufi kubwa. Dada akapiga funda kwanza. Hapana, akasema, kwangu inakubali, hebu zima mashine uwashe. Kaka Mkubwa alishamshauri asasishe kila kitu kiwe cha toleo jipya. Bosi alimwonya asisasishe chochote.

Jioni shangazi akapiga simu kuulizia kazi. Mgeni akasema bado anahangaika kujenga. Shangazi akauliza kwa sauti ya chini kama angalau wamempa kofia ya kujikinga.

Katikati ya wiki mwenye mikate alipiga simu tena. Mpokea simu akamkumbusha kwa upole kwamba toleo jipya alishatumiwa. Mteja akakiri kulipata. Ile picha ya mkate inayotokea mwanzoni ilikuwa imependeza sana, akasema, ila zaidi ya picha hakuona kilichobadilika, mikate bado inatoka kama makaa.

Bosi alimkuta Mgeni ameshika tama, akamfariji. Mwanzo huwa mgumu, alisema, hata yeye zamani ilimtoa jasho. "Ukishaizoea ni kubonyeza tu. Kwangu mimi haichukui hata dakika."

Maneno hayo yalimuumiza kuliko kama angekaripiwa. Alijifungia chooni, akalia kidogo, akanawa uso, akarudi mezani na hasira.

Akaacha kuitia viraka skripti ya Mkongwe. Akaandika nyingine kuanzia sifuri, isiyodhani kitu chochote, ambayo ikiingia kwenye mashine inabisha hodi kwanza na kuuliza. Vifaa viko wapi? Chombo cha kugeuzia kodi ni toleo gani? Kama kitu hakipo, inasema hakipo, kwa maneno ya kibinadamu, na namna ya kukipata. Ilipokubali kwake hakuamini. Akaazima kompyuta kuukuu ya mapokezi, ile inayounguruma kama mashine ya kusaga. Ikakubali na huko.

Ijumaa asubuhi, kwenye kikao, alizungumza akiangalia meza. Alisema amejenga na saa ya tanuri amerekebisha. Akaomba radhi kwa kutumia wiki nzima kwenye jambo ambalo wenzake hulimaliza kwa dakika. Tena amelazimika kuandika skripti yake. Wakiona haifai wanaweza kuifuta waendelee na ya zamani.

Dada wa Majaribio aliweka kikombe chini polepole. Kaka Mkubwa akauliza kama imejenga yote, mpaka mwisho. Mgeni akasema mpaka mwisho. Bosi akakohoa, akafunga kikao kabla ya wakati.

Mgeni akaelewa kwamba ndiyo wameagana. Akaenda chooni kunawa uso, akatunga maneno ya kumwambia shangazi, kisha akarudi mezani kukusanya vitu vyake.

Alikuta foleni mbele ya meza, kila mtu na kompyuta yake kwapani. Bosi alikuwa wa mwisho, yake ameifunika kwa koti.