Kulungu wa Kwenye Karatasi

"Kulungu," wakili alisema, akimwinamia Gaynor Threlfall sikioni kwenye korido ya mahakama ya Preston. "Usiongeze, usipunguze. Siku ile ulisema kulungu karuka barabarani. Leo unasema hivyo hivyo."

"Na nikisema sikumwona?"

Wakili akatabasamu, taratibu, kama mtu anayefunga mlango kwa ufunguo. "Sahihi yako iko chini ya karatasi ya polisi, Bi Threlfall. Ukigeuka leo, utakuwa uliwadanganya. Na wao hawapendi kudanganywa."

Akaondoka na mafaili yake kwapani. Huyo ni wakili wa dereva, kaletwa na kampuni ya bima, na kazi yake ni moja tu: dereva aonekane hana kosa.

Gaynor akabaki ameegemea ukuta. Kulungu hakuwepo. Asubuhi ile yeye alikuwa kiti cha mbele, binti yake Bryony kalala nyuma, barabara nyeupe, kavu kabisa. Kulungu alizaliwa baadaye, pembeni ya gari lililopinduka, polisi anauliza maswali na meno ya Gaynor yanagongana kwa hofu. Neno moja tu. Miaka miwili baadaye limeota pembe.

"Mama, mbona umepauka hivyo?" Bryony aliuliza kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu.

"Hii chai ya mashine."

"Hata hujaionja."

Bryony ana miaka kumi na minne na miguu isiyomsikia tena. Analala sebuleni, kando ya televisheni, kwa sababu ngazi za nyumbani ni nyembamba kama shingo ya chupa. Kila siku mama yake anambeba mgongoni kwenda kuoga. Bryony akishinda kesi, kuna nyumba isiyo na ngazi, milango mipana, muuguzi wa kumsaidia. Akishindwa, ni sebule ile ile mpaka mvi zimtoke. Na hukumu itakaa hapo tu: dereva akiwa mzembe, bima inalipa. Kama ni kulungu, basi ni mkosi, na mkosi haushtakiwi.

Kwa sheria ya Uingereza mtoto wa umri huo hafungui kesi peke yake, lazima mtu mzima amsimamie. Gaynor alitaka awe yeye. Mawakili wa Bryony wakamkatalia, wakasema yeye yumo ndani ya tukio. Ndipo akasimama badala yake Beryl, mama yake Gaynor, mwenye miaka sabini na mdomo wa wembe.

"Huyo kulungu namtafuta mwaka wa pili sasa," Beryl alisema, peremende ikigonga meno yake ya bandia. "Kagongwa na gari zima, hajaacha hata unyoya. Hana ndugu? Hana matanga?"

Bryony akacheka mpaka kiti kikatikisika. Gaynor hakucheka.

"Dereva mimi nilishamsamehe, Bibi," Bryony akasema. "Mama ndiye bado ana kinyongo."

"Mama yako tangu utotoni ni mtu wa vinyongo. Mwache."

Gaynor akainama kufunga kamba za viatu vya mtoto, viatu visivyokanyaga kitu, ili wasimwone uso. Alishapiga hesabu hii mara elfu. Akisema kulungu, anamzika mtoto sebuleni. Akisema hakuna kulungu, polisi watakuja, pengine wamfunge, na nani atambeba Bryony bafuni? Beryl na magoti yake yale? Huku shimo, huku shimo, na yeye kasimama katikati kwa ncha za vidole.

"Mama. Umeshafunga. Unafunga tena."

"Nakaza."

Mlango ukafunguliwa, wakaitwa.

Ndani hakuna dirisha. Jaji, mwanamke mwembamba mwenye mafua, alisikiliza madaktari, kisha Beryl, kisha mtaalamu wa barabara. Saa zikaenda. Halafu wakili wa dereva akasimama, akafunga kifungo cha koti, akamwita Gaynor.

Akaapa. Sauti yake mwenyewe ikamfikia kama inatoka chumba cha jirani. Kule mbele Bryony alikuwa kamkazia macho, hajapepesa. Beryl kaacha kumung'unya.

"Bi Threlfall," wakili akasema kwa upole, "ieleze mahakama. Uliona nini barabarani?"

Jaji akapenga kamasi, akangoja.

"Sikuona kitu," Gaynor akasema. "Mkono mmoja nilikuwa nimeshika usukani. Wa pili nilikuwa nimeshika simu."