Mwavuli wa Roketi

Askari aliinua mwavuli wangu kwa mtutu wa bunduki, nyuzi zake nane zikaning'inia.

"Hii kitu gani?"

Nilikuwa nimeushona kwa mtandio wa hariri wa mke wangu, Hasifa, ili roketi yangu ya karatasi ishuke taratibu kwenye mashamba ya Osukuru bila kuvunjika. Juu niliacha tundu la kupitisha hewa, usije ukayumba. Hesabu zake nilizifanya mwenyewe, kwa elimu yangu ya masomo ya jioni.

Miaka ile ya utawala wa kijeshi, Tororo mtu alipotea kwa neno moja tu. Neno roketi lilikuwa tayari mdomoni mwangu, na nilitaka kulitamka kwa fahari.

"Ni kitambaa cha kufunika chakula, afande," Hasifa akaniwahi. Aliuchukua, akafunika sahani ya kalo, ugali wetu wa wimbi. "Nyuzi ni za kufunga, paka asifunue."

"Na hii tundu?"

"Mvuke utoke."

Askari alipapasa mshono kwa kidole gumba. Ulikuwa mdogo, umenyooka.

"Mama, wewe nashona muzuri. Shona ingine hapa, mimi naona."

Hasifa alikuwa mchuuzi wa samaki. Sindano hakuijua.

"Nimeshona mimi, afande," nikasema.

"Wewe? Mwanaume nashona kitambaa ya chakula?" Akawaita wenzake. "Kuja muone huyu bibi!"

Nikaketi, nikatunga uzi. Walijaa mlangoni wakicheka, nami nikaomba moyoni wasiache kucheka.