Salamu za Kupanda Mlima

"Ati ulikuwa unasalimia watu?" Wakiuru aliusukuma kwa mguu mtungi mtupu wa maziwa. "Kutoka kituo cha maziwa hadi hapa, ni salamu gani hizo za asubuhi nzima?"

"Watu ni wengi njiani, Mama."

"Hii ni Mweiga. Hao watu wengi wametoka wapi? Mbona mimi siwaoni?"

Anita, binti yake, alikalia ndoo iliyopinduliwa, mikono kwapani. Hata jua likiwaka hakuvua glavu za sufu. Akizivua kunawa, ncha za vidole huwa nyeupe kama chaki, na ngozi imevutika hadi inang'aa. Daktari wa Nyeri aliuita ugonjwa wa kukakamaa ngozi. Alimpa dawa, akataka arudi apigwe picha ya moyo na mapafu.

"Ngozi ni ngozi," Wakiuru alimjibu daktari huku akichukua mkoba wake. "Huyu bado msichana. Moyo wake hauna neno."

Hawakurudi tena kwa daktari.

Neno lililomkosesha Wakiuru usingizi lilikuwa Mwai. Mwai mwenye pikipiki, mwenye watoto wawili kwa mama wawili, na nyumba yake iko huko huko njiani, juu ya kona. Tangu Pasaka Anita alianza kuchelewa. Tangu Pasaka hamalizi chakula, na usiku analala nusu ameketi, macho dirishani, kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Ni Mwai, sivyo?"

Anita alicheka, kicheko kikakatika. "Mimi na Mwai wapi na wapi, Mama."

"Nikikupata naye, utahama hapa na huo mtungi kichwani."

Kesho yake Wakiuru alijibanza nyuma ya ua wa michongoma. Anita alipita akirudi kutoka kituoni, mtungi mtupu mkononi. Kwenye tambarare alitembea vizuri. Mlima ulipoanza, akapinda kona, akapotea. Wakiuru alimfuata, akateleza, jiwe likabingirika kwa kishindo.

Papo hapo sauti ya Anita ikapanda kutoka ng'ambo ya kona.

"Habari ya asubuhi! ... Na watoto? ... Haya ... Mvua itakuja tu."

Alikuwa anacheka. Baina ya neno na neno alinyamaza kwa muda mrefu, kama msichana anayenong'onezwa maneno matamu.

Wakiuru alivunja fimbo kwenye ua wa njiani, akapinda kona mbio. "Mwai! Toka nikuone!"

Hakutoka mtu. Nyumba ya Mwai ilikuwa bado mbali huko juu. Hapa palikuwa kwa kina Theuri, waliohamia Murang'a mwaka juzi. Kufuli lilikuwa limeshika kutu na nyasi zimemeza njia. Anita alikuwa ameikumbatia nguzo ya lango, midomo imegeuka buluu, mabega yakipanda na kushuka akitafuta pumzi.

"Nilikuwa ... nasalimia tu, Mama."

Fimbo ilianguka. Pikapu ya maziwa ilikuwa inateremka. Wakiuru alisimama katikati ya barabara, mikono juu, hadi ikafunga breki. Alimbeba binti yake mwenyewe, akamweka kiti cha mbele, akapanda.

"Nyeri, hospitali," alimwambia dereva. "Tumechelewa kupiga picha ya moyo."