Kiti cha Kutazama Mbele

Treni iliposimama katika stesheni ya Tours, Anselme alimwona kaka yake akiyashika magoti kwa nguvu.

Reli za Tours zinaishia ukutani. Treni ya kutoka Angers ikishaingia pale, dereva huhamia upande wa pili, na mkia huwa ndio kichwa. Aliyekuwa akitazama mbele huimalizia safari kinyumenyume, na hilo kaka yake hakuliweza tangu utotoni, alikuwa akitapika.

Mpwa wao ndiye aliyewakatia viti vya kutazamana, baada ya kumzika dada yao. Ndugu hao wawili hawakuwa wamesemezana tangu nyumba ya baba ilipouzwa, na kaka angeshuka Blois, kituo cha mbele.

Treni ikaondoka. Jasho likamtoka kaka juu ya mdomo, akafumba macho.

"Bado hujapona tu?" Anselme akauliza.

"Niko salama. Soma gazeti lako."

"Umekuwa mweupe kama jibini ya mbuzi."

"Na wewe umekuwa mzee."

Anselme akainuka. Akaushika ule mkono wenye madoa ya uzee, akauvuta kama kaka alivyokuwa akimvuta yeye zamani, asubuhi za kwenda shule.

"Haya kaka, njoo ukae kwangu. Mimi nitakaa hapo kwako."

Kaka akahamia kiti cha dirishani, akiyumba. Anselme alipogeuka kwenda upande wa pili, mkono wa kaka haukumwachia.

"Huku kuna nafasi ya wawili," kaka akasema, macho bado ameyafumba.