Mtu Wetu wa Makere

Asnath alilisimamisha gari mbali kidogo na ofisi ya kijiji, akabaki ameshika usukani. Watu walikuwa wameizunguka ofisi na mapanga na fimbo, na mmoja wao alishika dumu la petroli.

Ndani alikuwamo Raymond, mshauri wa menejimenti, mwanachama mpya wa umoja wa washauri ambao Asnath alikuwa katibu wake mjini Kasulu. Hawakuwahi kuonana, walifahamiana kwa ujumbe wa simu tu. Siku hiyo, mwaka 2013, Raymond alitakiwa kufika huku Makere kushauri namna ya kuendesha soko jipya, na Asnath mwenyewe ndiye aliyempigia mtendaji wa kijiji kumwarifu kuwa mgeni anakuja. Mchana mtendaji akapiga yeye: "Mama, tumemkamata mtu wenu. Wahi, watamchoma." Tangu hapo namba ya Raymond haikupatikana. Bila shaka walishamnyang'anya simu.

Kuwatetea washauri ndiyo kazi iliyompa Asnath ugali. Aliwazoea maofisa waliomcheka usoni, eti watu wake wanalipwa kuwaambia wenzao mambo wanayoyajua. Kicheko alikizoea. Petroli hakuizoea.

Akashuka. Mtendaji, Castory, alimpokea mlangoni, jasho likimtiririka.

Mtu alikuwa amekaa sakafuni, shati limelowa damu, jicho limevimba.

"Raymond?" Asnath aliita.

Aliinua kichwa. Akamtazama yeye, akamtazama mtendaji. "Ndiyo, dada," akasema taratibu. "Ni mimi."

"Vitu vyako viko wapi?"

"Wamechukua."

"Hatukuchukua hata kalamu," Castory alisema. "Alikuja mikono mitupu."

Asnath hakumwamini. Mtendaji gani angekubali kwamba watu wake wamepora?

Pembeni alisimama mama mmoja, Generosa, amemkumbatia binti yake wa darasa la kwanza. Alisema kwa Kiha, haraka haraka, machozi yakimtoka. Asnath, mtu wa Mbeya, hakuambulia neno.

"Anasema alimkuta amemshika mtoto mkono, anampeleka kwenye migomba," Castory alitafsiri. "Anasema, kama kweli ni mgeni wa soko aliyekuja kuuliza maswali, mbona hakuna aliyeulizwa?"

"Si ndiyo alikuwa anaanza?" Asnath alijibu. Nje mtu aligonga bati kwa panga.

Alitoka nje, akasimama barazani.

"Wazazi wangu, naomba mnisikilize. Mshauri anapokuja kijijini huanza kwa kuongea na yeyote anayemkuta, hata mtoto. Ndivyo anavyojua mama zao wanauza nini na soko liko mbali kiasi gani. Watu wetu wana maadili, na umoja unawafahamu mmoja mmoja. Huyu namfahamu mimi."

"Na akirudia?" sauti ya mzee ilitoka katikati ya watu.

"Mnikamate mimi."

Castory akageuza yote kwa Kiha. Wakanong'onezana kwa muda uliomtesa Asnath. Kisha mwenye dumu akaliweka chini.

"Mchukue, mama," Castory alisema kwa sauti ndogo, "kabla hawajabadilisha mawazo."

Akamwingiza garini, akaondoka kwa kasi. Walipokwisha kuvuka mto ndipo alipoanza kucheka na kulia kwa pamoja.

"Pole sana, kaka. Nakupeleka hospitali."

"Hapana, dada. Niache hapo mbele, kijiji kinachofuata. Kazi yangu haijaisha."

Asnath alimtazama mtu huyu aliyeponea chupuchupu, na moyo ukamjaa fahari. Laiti wale maofisa wangemwona! Aliegesha gari kwenye njia panda ya shule, akampa maji anawe uso, akatoa kwenye buti fulana mpya ya umoja, ile yenye maandishi makubwa kifuani.

"Vaa hii," alisema. "Watu watajua wewe ni nani, hawatakuogopa."

Akaivaa. Akashukuru kwa adabu, akavuka barabara. Wanafunzi ndiyo kwanza walikuwa wanatoka. Wadogo walimkimbilia kusoma maandishi, na yeye akainama, akamshika mmoja mkono.

Asnath alipiga honi ya kuaga, akaondoa gari. Kwa mara ya kwanza tangu mchana alivuta pumzi hadi ikashuka tumboni. Alipofika juu ya mlima mtandao ukarudi, na simu ikaita papo hapo.

"Dada Asnath? Ni Raymond. Samahani sana, gari limetuharibikia huku Busunzu tangu asubuhi, na mtandao nimeupata sasa hivi tu. Naomba uwaambie watu wa Makere wasinisubiri, nitafika kesho."