Pacha Waliogeuzwa Mmoja

Muuzaji wa programu ya kompyuta alipobonyeza kitufe, mlezi wa makao ya watoto aliona kwenye orodha iliyomulikwa ukutani pacha wake wamegeuka mtoto mmoja.

"Mwanangu, hawa ni wawili," alisema.

"Tarehe ya kuzaliwa moja, mama mmoja. Programu imefuta marudio yenyewe," muuzaji alijibu. "Kupanga masomo ya watoto sasa ni kufumba na kufumbua!"

Wakubwa wa makao wakapiga makofi. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

"Na nafasi zao za shule?"

"Orodha imeshatumwa shuleni. Nafasi moja."

Mlezi akamgeukia mkurugenzi. "Bosi, shule inafunga uandikishaji leo. Huyu wa pili nimpeleke wapi?"

"Mama naye, kila jema ulitafutie doa! Tutarekebisha mwakani." Akampa muuzaji mkono. "Tunaichukua."

Pacha walikuwa wamesimama mlangoni, wameshikana mikono, mikoba mipya mgongoni. Walikuwa wamesikia yote.

Mlezi akawaendea. Akaona vidole vyao vikilegea, kimoja kimoja, mpaka mikono ikaachana.

Mmoja akajitanguliza mbele ya mwenzake.

"Mama, ni mimi ninayeenda, siyo?"