Mpini Uliopakwa Mafuta

Shaweji aliusugua kwa msasa mpini wa upanga wa mti mpaka ukaacha kuteleza. Ni yeye aliyeupaka mafuta siku ya mashindano ya kupigana kwa panga za mti, ung'ae mbele ya wageni. Kutaka sifa tu! Ukamchoropoka mkononi, ukamtoboa jicho rafiki yake Mbaruku.

Sasa aliuzungushia ukanda wa mpira wa baiskeli, akaukaza kwa meno.

Mbaruku akaingia katika ukumbi wa mazoezi, mara ya kwanza tangu siku ile, kitambaa kimemfunika jicho.

"Nipe niushike."

Akauminya, akaupunga mara mbili.

"Hauponyoki tena, ndugu yangu."

"Hauponyoki."

"Basi simama pale niliposimama mimi siku ile."

Shaweji akasimama. Panga nyingine za mti zilitundikwa ukutani, karibu na mkono wake. Hakuchukua hata moja ya kujikinga.